Ofisa mwanafunzi aliyejifukuzisha jeshi

Wiki hii tuzungumze juu ya riwaya moja ya upelelezi, na zaidi ya riwaya yenyewe, tumzungumzie kijana mmoja aliyetiwa ndani yake miaka mingi baada ya kufa kwake.

Riwaya hiyo ni ya Mmarekani Louis Bayard. Ilitoka mwaka 2006 kwa jina la The Pale Blue Eye, na mwaka 2022 ikatolewa filamu. Mambo yanatokea mwaka 1830 katika chuo cha kijeshi cha West Point, kando ya mto Hudson, jimbo la New York. Mwanafunzi mmoja anakutwa ananing'inia kambani. Kisha maiti yake inaibwa, na inapopatikana, moyo umekwisha kutolewa. Wakuu wa chuo wanaogopa fedheha, wanamwita askari mstaafu aitwaye Landor achunguze kimyakimya. Landor naye anahitaji mtu wa ndani, anayelala bwenini na kula meza moja na wenzake. Anamchagua kijana msemaji sana, mpenda kinywaji, mtunga mashairi. Jina lake Edgar Allan Poe. Mwisho wa hadithi sitausema, maana wako watakaoitafuta.

Mauaji hayo ni ya kubuni, na Poe hakupewa kazi kama hiyo hata siku moja. Lakini mwaka 1830 Poe alikuwapo kweli West Point, mmoja wa wale ambao jeshi letu huwaita maofisa wanafunzi. Na kazi aliyojipa mwenyewe pale ilikuwa ngumu kuliko ile aliyopewa na mwandishi: alitaka afukuzwe.

Poe alizaliwa Boston mwezi Januari 1809. Wazazi wake walikuwa waigizaji wa jukwaani, watu wa leo hapa kesho kule. Mama alifariki mwaka 1811 mjini Richmond, mtoto hajatimiza miaka mitatu. Akachukuliwa na mfanyabiashara John Allan na mkewe Frances, ambao hawakuwa na mtoto wa ndoa. Jina la Allan akapewa, likakaa katikati ya majina yake. Shule akapelekwa. Lakini karatasi ya kumfanya mtoto wa nyumba ile kisheria haikuandikwa. Akakua katika nyumba ya tajiri, anakula sahani moja na watu wa nyumbani, naye si wa nyumbani. Nadhani wako wanaonisikiliza wasiohitaji kuelezwa zaidi.

Mwaka 1826 aliingia Chuo Kikuu cha Virginia. Fedha alizopewa hazikutosha, akacheza kamari akitaka kuziongeza, akatoka na madeni makubwa. Mzee Allan akakataa kuyalipa. Wakagombana, kijana akaondoka, na mwezi Mei 1827 akajiandikisha jeshini kama askari wa kawaida kwa jina la uongo, Edgar A. Perry, akisema ana miaka 22. Alikuwa na miaka 18.

Hapa watu wengi hupapita haraka, mimi nataka tukae kidogo. Kuna usemi wa mitaani kwamba mtunga mashairi hawezi nidhamu. Huyu aliiweza. Ilipofika tarehe 1 Januari 1829, hajamaliza hata miaka miwili kambini, alikuwa sajini meja, cheo cha juu kabisa kwa mtu asiye ofisa. Jeshi halimpi cheo hicho mtu wa kusinzia lindoni. Kwa hiyo anaposimama mbele ya mahakama ya kijeshi baadaye kwa kosa la kukosa gwaride, tukumbuke kwamba gwaride alilijua kuliko wengi waliomzunguka.

Mwezi Februari 1829 mama Frances akafariki. Mzee Allan, moyo umemlegea, akakubali kijana atoke jeshini, aende akasomee uofisa. Ndivyo Poe alivyofika West Point katikati ya mwaka 1830, umri miaka 21, aliyekuwa sajini meja akaanza tena na "kushoto, kulia" pamoja na vijana wadogo kwake. Mkuu wa chuo alikuwa Sylvanus Thayer, mtu wa kanuni. Pombe marufuku, tumbaku marufuku, karata marufuku. Hata riwaya na mashairi hukuruhusiwa kuwa navyo chumbani bila ya idhini. Waliopita JKT watacheka, lakini hata huko sikumbuki kusikia mtu amepekuliwa kwa ajili ya shairi.

Basi mwezi Oktoba mwaka huohuo mzee Allan akaoa mke mwingine. Mke kijana, na watoto wa ndoa wakitarajiwa: Poe akaona mlango wa urithi unafungwa. Uofisa bila ya fedha za nyumbani hakuutaka. Lakini kujiuzulu kulihitaji ridhaa ya mlezi. Tarehe 3 Januari 1831 akamwandikia mzee barua ndefu ya uchungu, akiomba ridhaa hiyo, na akiahidi kwamba asipoipata ataacha masomo na kazi zote za chuo. Mzee hakumpa. Juu ya barua ile akajiandikia mwenyewe kwamba haamini neno lolote la kijana yule.

Poe akatimiza ahadi. Katika mitihani ya mwezi huohuo wa Januari alikuwa wa tatu kwa Kifaransa na wa 17 kwa hesabu, katika darasa la wanafunzi wapatao 87. Wakati huohuo akawa haonekani kwenye gwaride, haitikii majina, haendi lindo, haendi kanisani. Akiamriwa na ofisa, hatii. Tarehe 28 Januari mahakama ya kijeshi ikakaa. Mashitaka yalikuwa uzembe na kutotii amri. Mengi akayakubali, wala hakujitetea. Ipo hadithi kwamba alitokea gwarideni uchi, amevaa mikanda na glavu tu. Ushahidi wake haujaonekana, na mimi naiweka pamoja na hadithi za vijiweni. Alihukumiwa kufukuzwa kuanzia tarehe 6 Machi 1831, siku ikisogezwa mbele ili mshahara wake utoshe kulipa madeni ya pale chuoni.

Wanafunzi wenzake 131 walichanga fedha kitabu chake cha mashairi kichapwe. Walitarajia vichekesho vya kuwakejeli wakufunzi, maana ndivyo alivyokuwa akiwachekesha navyo bwenini. Kitabu kikatoka New York mwaka huohuo, kimetunukiwa kikosi chao, na ndani hamna kichekesho hata kimoja. Wengi walihisi wametapeliwa. Mzee Allan alifariki mwaka 1834, na katika wasia jina la Poe halimo.

Miaka kumi baada ya kufukuzwa, Aprili 1841, Poe alichapisha katika jarida moja la Philadelphia hadithi ya mauaji ya Paris, inayohesabiwa kuwa hadithi ya kwanza ya upelelezi kama tuujuavyo leo. Mpelelezi wake, Dupin, hana cheo, hana sare, hana bosi. Ametoka ukoo mkubwa uliofilisika. Polisi wameshindwa, yeye anaanza na habari alizosoma gazetini. Hapo ndipo ninapotofautiana na Bayard. Riwaya yake ni nzuri, lakini imemfanya Poe kuwa mtu wa kutumwa, anayepokea maagizo na kuleta taarifa. Mtu aliyembuni Dupin alikwisha kufukuzwa chuo kwa kukataa kutumwa.

Kutoka kwa Dupin alizaliwa Sherlock Holmes, mwaka 1887, ambaye kwa kiburi chake anambeza Dupin katika kitabu chake cha kwanza kabisa. Na kutoka kwa Holmes njia inafika Unguja. Mohamed Said Abdulla, mhariri wa magazeti, alishinda shindano la uandishi la 1957-58 kwa Mzimu wa Watu wa Kale, kitabu kilichochapwa mwaka 1960. Humo yumo Bwana Msa, kiko mdomoni, wala si askari polisi. Pembeni yake yuko Najum, akiuliza yale ambayo msomaji angeuliza, kama alivyouliza rafiki wa Dupin asiyetajwa jina katika hadithi ile ya mwaka 1841.