Matofali ya Mji Uliokufa

Somo: Nehemia 4:1-6



Nehemia alipoanza kuujenga upya ukuta wa Yerusalemu, Sanbalati alimdhihaki. Aliuliza kama Wayahudi wangeweza kuyapa uhai mawe yaliyoungua na kulala katika kifusi. Lakini ukuta ulimalizika kwa siku 52. Leo na tuitazame kazi nyingine ya namna hiyo, iliyofanywa na Wakristo wa Uingereza.

Zamani za utawala wa Warumi, palikuwa na mji ulioitwa Verulamium, kaskazini ya London. Majengo yake makubwa yalitiwa matofali mekundu ya kuchoma, mapana na membamba kama vigae. Humo aliishi mtu jina lake Alban. Mapokeo ya Kanisa yasema kwamba alimficha kasisi aliyekuwa akiwindwa, akamwamini Kristo kwa ushuhuda wake, kisha akavaa joho la kasisi huyo na kujitoa akamatwe badala yake. Alikatwa kichwa kilimani, ng'ambo ya mto. Hayo yalitendeka zaidi ya miaka 1,700 iliyopita.

Baada ya Warumi kuondoka katika karne ya 5, mji ule ulikufa. Matthew Paris, mtawa aliyeandika habari za monasteri ya mahali pale, asimulia kwamba magofu yake yaligeuka maficho ya waovu. Ndipo wakuu wawili wa monasteri, Ealdred na Eadmer, walipoanza kuyafukua matofali na kuyaweka akiba kwa ajili ya kanisa jipya. Wote wawili walikufa bila kulijenga. Mwaka 1077 alikuja Paul wa Caen, akayakuta matofali yale, akajenga. Kanisa liliwekwa wakfu mwaka 1115. Mnara wake, wenye urefu wa mita 44 hivi, ungali umesimama kwa matofali yale yale ya Kirumi. Leo ni kanisa kuu la dayosisi ya St Albans.

Basi, mji uliomwua shahidi ndio uliotoa matofali ya nyumba ya Mungu penye ukumbusho wake. Ndivyo Mungu alivyomtendea Sauli, aliyelinda nguo za waliompiga Stefano kwa mawe, akamfanya mtume.

Mafundi wetu wajua kazi hii. Jengo kuukuu linapobomolewa, hawatupi kila kitu shimoni. Huliokota tofali moja moja, hukwangua chokaa ya zamani, huligonga na kusikiliza. Lililoiva vizuri hulia kama kengele, hata kama limepakwa masizi. Ni kazi ya mikono na ya uvumilivu. Tofali halirudi ukutani na uchafu wake, wala halitupwi kwa sababu ya uchafu huo.

Je, sisi katika makanisa yetu twafanyaje? Mwinjilisti ameanguka katika ulevi, twasema, "Huyo amekwisha." Binti wa kwaya amepata mimba, twamwondoa, wala hapana aendaye kumwamkia. Mweka hazina ameiba sadaka, akatubu kwa machozi, nasi miaka kumi baadaye twalitaja kosa lake. Sisi wachungaji na wazee wa kanisa tumekuwa wepesi wa kufuta majina na wazito wa kwenda kuwatafuta wenye majina hayo. Hapo tumesema maneno ya Sanbalati.

Wapendwa, kabla ya Jumapili ijayo na twende kwa mmoja aliye katika kifusi. Labda hatutaona ukuta wake ukisimama. Ealdred na Eadmer hawakuuona. Lakini wasingekusanya, Paul angejenga kwa nini?

Na tuombe. Ee Bwana, uliyetuokota sisi tulipokuwa tumevunjika, utufanye mawe yaliyo hai, wala usituache tumtupe yeyote unayemtaka katika nyumba yako. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.