Utenzi na Ibada katika Pwani ya Tanga

Ushairi wa pwani ya Tanga ulilelewa chuoni, pale mtoto alipofundishwa Kurani, kabla haujafika gazetini wala kitabuni. Mwalimu alikaa barazani au sebuleni, wanafunzi wakaketi mkekani na mbao zao, na kila mmoja akaandika aya yake kwa wino, akaikariri, akaifuta, akaandika nyingine. Kwa njia hiyo mtoto alipata hati za Kiarabu, alizozitumia baadaye kuandikia Kiswahili. Alipata pia sikio lililozoea vina na urari kupitia dua, kaswida na maulidi. Madrasa za mitaa ya leo, Mabawa, Makorora, Msambweni na kwingineko jijini, zimerithi kazi hiyo, ingawa ubao wa mkononi umeliachia nafasi daftari.

Utenzi ndio umbo lililobeba mafunzo haya kuliko yote. Ubeti wake una vipande vinne, kila kipande mizani minane. Vipande vitatu vya kwanza vina kina kimoja, na cha nne kina kina kinachorudi katika kila ubeti hadi tamati. Mtunzi hakuanza na kisa. Alianza kwa Bismillahi, akamhimidi Mungu, akamsalia Mtume, aali na sahaba zake, kisha kwa desturi ya watunzi wa kale akaomba aletewe karatasi, wino na kalamu njema. Msomaji mwenye haraka huziruka beti hizi akidhani ni mapambo. Kumbe hapo ndipo mtunzi alipotia nia, kama mtu anayesimama kusali, na kazi yote iliyofuata ikahesabiwa kuwa ibada yenye thawabu. Mwishoni alitaja jina lake, pengine na mwaka wa Hijra na idadi ya beti, akaomba asamehewe makosa na aombewe dua.

Mtunzi aliyeonyesha vizuri zaidi umbo hilo linavyoweza kufanya kazi katika eneo hili ni Hemed bin Abdallah el-Buhriy, mwanachuoni wa Mrima, yaani pwani ya bara. Katika kazi zake kuna Utenzi wa Kutawafu Nabii, unaosimulia kufariki kwa Mtume, Utenzi wa Seyyidna Huseni bin Ali, mjukuu wa Mtume, na Utenzi wa Abdirrahmani na Sufiyani. Lakini aliandika pia Utenzi wa Vita vya Wadachi (Wajerumani) Kutamalaki Mrima, wenye mwaka 1307 wa Hijra katika jina lake, yaani 1889 hadi 1890. Mambo yenyewe yalikuwa mabichi. Agosti 1888 kampuni ya Kijerumani ilianza kushika utawala wa pwani kwa mkataba na Sultani wa Zanzibar. Watu wa Pangani wakakataa, Abushiri bin Salim akaongoza mapambano, na Hermann von Wissmann akaja na jeshi la kukodiwa. Abushiri alinyongwa Pangani Desemba 1889.

Hemed hakutafuta chombo kipya cha kusimulia msiba huo. Alitumia kile kile cha kusimulia kufariki kwa Mtume na kuuawa kwa Huseni. Kwa mtu aliyeona pwani yake ikitekwa, jambo hili si dogo: imani ilimpa mahali pa kusimama na lugha ya kusemea kushindwa. Mwanawe, Sheikh Ali bin Hemed, alikuja kuwa kadhi wa Tanga na mwandishi wa vitabu vya sheria ya ndoa na mirathi. Ajabu ni kwamba baadhi ya tenzi za baba zilifasiriwa kwa Kiingereza na Roland Allen, kasisi wa Kianglikana aliyefariki Nairobi mwaka 1947, na mwanawe John Allen akazihariri na kuzitoa chapa kuanzia miaka ya 1950.

Wakristo wa Bonde, bara kidogo ya Tanga, walipita njia yao wenyewe. Kituo cha Magila cha misheni ya Kianglikana ya UMCA kilianza miaka ya 1860, na humo walitoka waandishi kama Samwil Sehoza, ambaye kitabu chake Mwaka Katika Minyororo, cha 1921, kinaeleza kifungo cha Wakristo mikononi mwa Wajerumani wakati wa Vita Kuu ya Kwanza.

Wakati huo hati zilikuwa zimekwisha kubadilika. Shule ya serikali ya Wajerumani mjini Tanga ilichapa gazeti la Kiongozi kuanzia 1904, kwa herufi za Kirumi, na mashairi yakapata nafasi humo. Mshairi sasa aliweza kusomwa na watu asiowajua, hata wasio wa dini yake.

Mshairi Shaaban Robert ni mtoto wa zama hizo mbili, za hati za Kiarabu na za herufi za Kirumi. Alizaliwa Vibambani, jirani na Tanga, tarehe 1 Januari 1909, akaingia kazi ya forodha mwaka 1926 na kuishi maisha ya karani wa serikali. Alipofiwa na mkewe Amina, alimtungia shairi la maombolezo linaloitwa kwa jina lake, na wasifu wake, Maisha Yangu, ulitoka mwaka 1949. Utenzi wa Hati, wosia wake kwa binti, unafuata nyayo za Mwana Kupona wa Pate, aliyemtungia bintiye utenzi mwaka 1858. Dini yake haikuwa ya kubishana. Ilionekana katika adili, subira na shukrani. Wanaoanza historia ya fasihi ya Tanga kwake huanza katikati, maana umbo na maadili aliyoyatumia yalikuwa yamekwisha fanyiwa kazi na akina Hemed. Alifariki mwaka 1962 akazikwa Machui.

Nje ya vitabu, utunzi uliendelea kuishi kwenye maulidi. Katika Mfungo Sita husomwa Barzanji, maandishi ya Jaafar al-Barzanji, mwanachuoni wa Madina wa karne ya 18. Wasomaji hupokezana milango, yaani sehemu za maandishi hayo, chetezo cha udi huzungushwa, na inapofikiwa habari ya kuzaliwa Mtume watu wote husimama kwa kiyamu huku wakinyunyiziwa marashi. Baina ya milango huimbwa kaswida kwa dufu, na hapo ndipo penye utunzi mpya: walimu wa madrasa hutunga maneno, wasichana na wavulana huyafanyia mazoezi, na kila madrasa hutaka isikike kuliko ya jirani.

Miswada mingi ya tenzi iliyokusanywa katika majumba ya pwani imehifadhiwa katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.