Guka Amekuachia Dinga ya Kitambo? Soma Hii Kabla Uijaze Petroli ya Ethanoli

Picha iko hivi. Guka amekuachia Peugeot 504, ama umepata Datsun 1200 ya bei poa, imekaa chini ya turubai huko ocha tangu ukiwa darasa la tatu. Umeiosha, umeipiga picha, wasee wa base wamekubali. Sasa unataka kujaza tanki uelekee Naivasha na mbogi.

Tulia kiasi. Kuna petroli inaweza kulainisha mipira ya hiyo ndai pole pole mpaka mafuta yaanze kudondoka kwa injini moto. Hapo si kuzimika tu kwa barabara. Hapo ni moto.

Tunabonga kuhusu petroli iliyochanganywa na ethanoli. Hii hapa rada yote.

Ethanoli ni nini?

Ni alkoholi. Ile ile iko kwa bia na chang'aa, tofauti ni kuwa ya gari imekaushwa ikatolewa karibu maji yote. Inatengenezwa na vitu kama molasi ya miwa ama mahindi. Wakichanganya asilimia 10 yake na petroli asilimia 90, inaitwa E10. E5 ni asilimia 5, E20 ni asilimia 20. Hesabu rahisi.

Nani anaitumia?

Nchi mob. Brazil walianza mpango wao mkubwa 1975. Marekani, petroli nyingi ya kawaida ni E10. Uingereza bara walihamisha petroli ya kawaida kutoka E5 hadi E10 Septemba 2021, na wenye magari ya kitambo wakashauriwa wabaki kwa E5 ya bei ya juu. India wamesukuma hadi E20. Huku Afrika, Malawi wamekuwa wakichanganya tangu 1982, na Zimbabwe ikafanya iwe lazima 2013.

Na usidhani Kenya ni wageni kwa hii maneno. Miaka ya 1980, alkoholi ya molasi kutoka kiwanda cha Muhoroni ilikuwa inachanganywa na petroli yetu, kama asilimia 10. Baadaye mpango ukafa.

Sasa fikiria hapo. Kama guka alikuwa anaendesha hiyo 504 wakati huo, kuna uwezekano mkubwa ilikunywa hiyo kitu na ikadunda tu. Uingereza nako, petroli yenye alkoholi ya Cleveland Discol iliuzwa kuanzia 1928 hadi miaka ya 1960. Kwa hivyo ethanoli si sumu mpya iliyoletwa kumaliza magari ya wazee.

Kilichobadilika ni gari yenyewe. Wakati huo mipira ilikuwa mipya na gari ilitoka kila siku, tanki ilikuwa inaisha na kujazwa. Leo mipira ina miaka 40 na gari inatoka Jumapili moja kwa mwezi. Mpira mzee na gari kukaa: hapo ndio ngori yote iko.

Inaharibu nini?

*1. Mipira na gasketi.* Mpira wa zamani haukuundwa kukaa ndani ya alkoholi. Unavimba, unalainika, ama unakauka na kupasuka. Gasketi za koki zinapoteza nguvu. Floti za koki zilizopakwa vanishi ndani ya kabureta za kitambo zinaambuliwa hiyo vanishi, zinanyonya mafuta na kuzama. Floti ikizama, kabureta inafurika. Tanki za faibaglasi, hasa kwa pikipiki za zamani, zinaweza kulainika kabisa.

*2. Chuma.* Ethanoli na maji ni mabeshte wa damu. Inavuta unyevu kutoka kwa hewa na kuushika ndani ya mafuta. Maji kidogo yanapita na kuchomeka bila shida. Lakini E10 ikishika maji kama nusu asilimia, mchanganyiko unaachana: ethanoli na maji zinazama chini, petroli inabaki juu. Kwa tanki ya lita 50 hiyo ni robo lita ya maji, haijai hata chupa ya soda. Baridi ya Julai inafanya kuachana kuje mapema zaidi. Na mdomo wa paipu inayovuta mafuta uko wapi? Huko huko chini. Injini inakunywa supu ya maji, tanki inashika kutu, na kabureta ya aluminiamu au zinki inaota unga mweupe.

*3. Mchanganyiko wa hewa.* Kilo moja ya petroli inataka hewa kama kilo 14.7 ichomeke vizuri. Kilo moja ya ethanoli inataka kama 9 tu. Kwa E10 inakuwa karibu 14.1. Gari za kisasa zina sensa inayosoma moshi na kompyuta inayoongeza mafuta yenyewe. Kabureta ya guka haina hiyo akili, inaendelea kumimina kipimo kile kile. Matokeo: hewa imezidi, mafuta kidogo. Utaona gari inakataa kuwaka asubuhi, inasita ukikanyaga, inachemka, na plagi zinakuwa nyeupe.

*4. Joto.* E10 inageuka mvuke haraka kuliko petroli safi. Ukikwama jam ya Mombasa Road saa nane mchana, mafuta yanaweza kuchemka kwa paipu kabla yafike kabureta. Gari inazima na haitaki kuwaka hadi ipoe.

Kuna uzuri wowote?

Upo. Ethanoli ina okteni ya juu, kwa hivyo inapunguza ile kugonga ya injini ukipanda mlima. Pia inasafisha uchafu wa miaka. Lakini hapo chunga: huo uchafu ukiachilia tanki, unaenda kuziba filta na jeti. Kwa ulaji, nguvu ya ethanoli ni kama theluthi mbili ya petroli, kwa hivyo na E10 unapoteza kama asilimia 3 hivi kwa kila lita.

Jipimie mwenyewe

Hauhitaji maabara. Tafuta chupa ya kioo nyembamba na sindano ya mililita 10 kutoka duka la dawa. Fanyia nje, mbali na jiko na sigara.

Weka maji mililita 10, chora alama yalipofika. Ongeza petroli mililita 90. Funga, tikisa vizuri, acha itulie dakika kumi. Maji yatazama chini. Yakibaki pale pale kwa alama, hakuna ethanoli. Yakipanda, ethanoli imetoka kwa petroli ikajiunga na maji. Yakikaribia mara mbili ya alama, hiyo ni E10. Usirudishe hiyo mafuta kwa gari na usiimwage kwa mtaro.

Sasa ufanye nini?

*Anza na mipira.* Hata kabla ya rangi, rimu ama muziki. Badilisha mpira wote wa mafuta kutoka tanki hadi kabureta, pamoja na ule mfupi umejificha juu ya tanki. Ukienda Grogan ama Kirinyaga Road, soma maandishi kwa mpira: tafuta SAE J30 R9. Usikubali mpira wa maji ama wa gesi eti ni sawa tu. Weka klampu mpya pia.

*Kabureta.* Mwambie fundi aweke gasketi mpya, floti ya kisasa na nidoli yenye ncha ya Viton. Plagi zikiwa nyeupe, aongeze jeti kidogo.

*Filta.* Weka ile unaona ndani, na uibadilishe baada ya tanki mbili tatu za kwanza.

*Usiache ikae.* Endesha kila wiki kama unaweza. Kama itakaa zaidi ya mwezi mmoja hivi, mwaga mafuta yenye ethanoli na ukaushe kabureta. Ukiiacha nayo, jaza tanki hadi juu, ili hewa yenye unyevu ikose nafasi.

*Dawa za kuongeza kwa tanki.* Ziko za kuzuia kutu na zinasaidia chuma. Lakini hakuna dawa inarudisha mpira ulioshaoza.

*Kizima moto.* Kiwe ndani, mahali mkono wako unafika ukiwa umekaa. Na ukisikia harufu ya petroli ukiwa barabarani, usiongeze sauti ya redio ujifanye hujasikia. Simama, zima, toa watu, halafu ndio uangalie.

Kwa ufupi

Peugeot 504 ilishinda Safari Rally 1975 na 1978. Datsun ikachukua mara nne mfululizo, 1979 hadi 1982, zote na Shekhar Mehta. Hizi gari si nyanya. Ethanoli asilimia 10 haiwezi kuziua peke yake. Kinachoziua ni mpira wa enzi za babu na mwenye gari anayefikiria rangi ikikaa fiti basi kila kitu kiko fiti.

Kwa hivyo leo jioni, kabla ya Naivasha, fungua boneti, shika ule mpira wa mafuta na uubonyeze. Ukiwa laini kama chapati, ama ukiwa na nyufa, hiyo safari iahirishe.