Tofauti, -ingine na Mbalimbali: Maneno Matatu katika Mpaka wa Teso

Neno la Kiingereza "different" hubeba maana tatu ambazo Kiswahili huzitenga. Vitu visivyofanana huwa na tofauti. Kitu kisichokuwa kile kilichokwisha tajwa huitwa kingine. Vitu vingi, kila kimoja peke yake, huitwa mbalimbali. Siku hizi wafasiri wengi huandika "tofauti" mahali pote patatu. Historia ya Adungosi, katika nchi ya Wateso baina ya Malaba na Busia, yaonyesha hasara ya mazoea hayo.

Hadi 1902 sehemu hiyo ilikuwa katika Mkoa wa Mashariki wa Himaya ya Uganda. Tarehe 1 Aprili mwaka huo Waingereza waliuhamishia mkoa huo katika Himaya ya Afrika Mashariki, ambayo 1920 ilifanywa Koloni la Kenya. Amri ya 1926 iliueleza mpaka kisheria, nao kwa sehemu hufuata mito ya Sio na Malaba. Hivyo Wateso wa Adungosi na jamaa zao wa Tororo wakatawaliwa na serikali mbili. Wasamia nao waligawanyika vivyo hivyo.

Je, ni neno gani lifaalo kuwaeleza? Serikali ilikuwa nyingine, na nchi zikawa mbalimbali. Lakini Kiteso, lugha ya Kinailoti iliyo jamaa ya Kikaramojong na Kiturkana, kiliendelea kusemwa ng'ambo zote mbili. Kwa hiyo anayeandika kwamba mpaka uliwatenga "watu tofauti" anadai jambo ambalo amri yenyewe haikulisema: ageuza mstari wa utawala kuwa hitilafu ya asili.

Sarufi nayo yaunga mkono utengano huu. "Mwingine" hupokea kiambishi cha ngeli, hivyo hubaki katika hesabu ya watu. "Mbalimbali" hutokana na "mbali", nalo hutaja utengano tu. "Tofauti" limetoka katika Kiarabu "tafawut", neno lenye umbo la kutendeana. Ndiyo maana hudai pande mbili na jambo la kulinganishwa.

Basi mwandishi hana budi kujiuliza kwanza: nani hafanani na nani, na kwa lipi? Akikosa jibu, neno alilolihitaji si "tofauti".