Sarafu ya Fedha ya Muuguzi Edith Cavell



Mwaka 2014 Uingereza ilijiandaa kuadhimisha miaka 100 tangu kuanza kwa Vita Kuu ya Kwanza. Kiwanda cha kifalme cha kupiga sarafu kilitangaza sarafu ya pauni 2 yenye sura ya Lord Kitchener, waziri wa vita, akinyosha kidole kuwaita vijana jeshini. Raia wengi hawakuridhika. Ombi lililotiwa saini na watu zaidi ya 100,000 lilitaka muuguzi Edith Cavell naye akumbukwe kwa sarafu. Ombi hilo likasikilizwa: mwaka 2015 ilitolewa sarafu yake ya pauni 5, nyingine zikipigwa kwa madini ya fedha.

Cavell alizaliwa mwaka 1865 katika kijiji cha Swardeston, binti wa mchungaji wa Kianglikana. Mwaka 1907 daktari Antoine Depage alimwita Bruxelles aongoze shule mpya ya wauguzi. Sisi tuliosomea ualimu tunamtambua kuwa mwenzetu, kwa maana kabla ya kuwa shujaa alikuwa mwalimu.

Mwezi Agosti 1914 jeshi la Ujerumani liliiteka Bruxelles. Cavell alibaki kazini, akawafundisha wauguzi wake kwamba kila majeruhi atibiwe, awe wa taifa lolote. Wajerumani nao waliuguzwa kwa mikono yake. Lakini walifika pia askari wa Uingereza na wa Ufaransa waliopotezana na vikosi vyao. Yeye na wenzake waliwaficha, wakawavusha hadi Uholanzi, nchi isiyokuwamo vitani. Watu wapatao 200 waliokoka kwa njia hiyo.

Alikamatwa tarehe 5 Agosti 1915, na mbele ya mahakama hakukana aliyoyatenda. Tuseme kweli yote: hakuhukumiwa kwa sababu ya kuuguza, bali kwa kuwasaidia askari kurudi kwa majeshi yao, kosa ambalo sheria ya kijeshi ya Wajerumani iliadhibu kwa kifo. Wajumbe wa Marekani na Hispania mjini Bruxelles walimwombea huruma bila kufaulu. Alfajiri ya tarehe 12 Oktoba alipigwa risasi pamoja na Mbelgiji Philippe Baucq.

Usiku wa kuamkia siku hiyo alipokea ushirika kwa mchungaji Stirling Gahan. Alimwambia kwamba kuipenda nchi yake hakutoshi. Imempasa asimchukie mtu yeyote wala kumwekea uchungu moyoni.

Hayo ndiyo maneno yaliyosahauliwa upesi. Magazeti na mabango yalilitumia jina lake kuwasha hasira na kuwaandikisha vijana wengine vitani. Yule aliyeikana chuki akafanywa kuni za chuki. Hata sanamu yake ilipozinduliwa London mwaka 1920, maneno yale hayakuandikwa juu yake. Yaliongezwa mwaka 1924.

Jambo hili latuhusu sisi Wakongo, kwani vita ile ilifika hadi kwetu. Mwaka 1916 askari wa Force Publique kutoka Kongo waliingia Tabora, na nyuma yao wapagazi wengi waliobeba chakula na risasi. Wengi wa wapagazi hao walikufa njiani, na majina yao hatuyajui. Sisi pia tuna wafu wa kukumbuka, na sisi pia twaweza kushawishika kuwafanya wafu wetu sababu ya kisasi, hasa katika nchi iliyoonja vita mara nyingi.

Kwa hiyo tunapowasimulia watoto wetu habari za Cavell, tusiishie kwenye risasi za alfajiri ile. Tuwaeleze pia majeruhi wa Kijerumani aliowafunga vidonda, na maneno aliyomwachia mchungaji usiku wake wa mwisho.