Maswali ya Dokta Alzheimer na Njiti za Kiberiti za Hai

Tarehe 3 Novemba 1906, katika mji wa Tübingen kusini mwa Ujerumani, daktari mwenye umri wa miaka 42 alisimama mbele ya mkutano wa madaktari wa magonjwa ya akili kuwasilisha utafiti wake. Jina lake Alois Alzheimer. Alieleza habari za mwanamke aitwaye Auguste Deter, aliyelazwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili mjini Frankfurt mwaka 1901 akiwa na miaka 51. Mwanamke huyo alianza kwa kumwonea wivu mumewe pasipo sababu, kisha akapotewa na kumbukumbu, hata akawa hajui alipo. Alzheimer alimhoji siku baada ya siku na kuandika kila jibu. Alipoulizwa jina la mumewe alitaja lake mwenyewe. Siku moja, akila koliflawa na nyama ya nguruwe, aliulizwa anakula nini. Akajibu anakula spinachi.

Alifariki Aprili 1906. Ubongo wake ulipelekwa München, ukakatwa vipande vyembamba, ukatiwa rangi na kuwekwa chini ya hadubini. Alzheimer aliona mambo mawili: madoa ya masalia yaliyoganda baina ya chembe za ubongo, na nyuzi zilizosokotana ndani ya chembe zenyewe. Hayo ndiyo aliyoyapeleka Tübingen. Alipomaliza, hakuna aliyeuliza swali hata moja, na mkutano ukaendelea na ratiba yake. Huwaambia wanafunzi wa uzamili kwamba siku ya kuwasilisha utafiti wasiyaogope maswali ya jopo. Ukimya wa jopo ndio wa kuogopwa.

Ukimya ule ulikuwa na sababu. Wataalamu wa zama zile waliamini kwamba wazee husahau kwa kuwa ni wazee, au kwa kuwa mishipa yao ya damu imekuwa migumu. Mwaka 1910 Emil Kraepelin, bosi wa Alzheimer, aliuingiza ugonjwa huo katika kitabu chake cha kufundishia kwa jina la Alzheimer, lakini akauweka kama ugonjwa wa watu ambao bado hawajazeeka. Mpaka huo uligharimu sana. Kwa zaidi ya nusu karne, bibi wa miaka 75 aliyepotea njia ya kwenda kisimani hakuhesabiwa kuwa mgonjwa. Aliitwa mzee tu. Mwaka 1968 watafiti wa Newcastle, Uingereza, walionyesha kwamba wingi wa madoa katika ubongo wa wazee unakwenda sambamba na kiwango cha kudhoofika kwa akili zao. Mwaka 1976 Robert Katzman wa Marekani akaandika tahariri akidai kwamba mpaka wa umri hauna msingi, na kwamba ugonjwa uliodhaniwa kuwa nadra ni miongoni mwa vyanzo vikubwa vya vifo.

Katika simulizi hii, inavyofundishwa kwa kawaida, Mwafrika hatajwi. Hata hivyo, alikuwapo. Solomon Carter Fuller alizaliwa Monrovia, Liberia, mwaka 1872. Babu yake alikuwa mtumwa Virginia, akajinunulia uhuru na kuhamia Liberia. Fuller alivuka bahari kurudi Marekani kusoma, akahitimu udaktari katika Chuo Kikuu cha Boston mwaka 1897, na mwaka 1904 akaenda München, akawa mmoja wa wageni wachache waliopokelewa na Alzheimer katika maabara yake. Aliporejea aliendelea kuchunguza bongo za marehemu katika Hospitali ya Westborough, Massachusetts. Mwaka 1912 alichapisha mapitio mapana ya kesi zote za ugonjwa huo zilizojulikana hadi wakati ule, pamoja na tafsiri ya Kiingereza ya ripoti ya Alzheimer kuhusu Auguste Deter. Kwa maneno mengine, wasomaji wa Kiingereza waliupokea ugonjwa huu kutoka mikononi mwa mtoto wa Liberia. Fuller pia alitilia shaka dhana ya mishipa migumu wakati wakubwa wake wengi walikuwa bado wameing'ang'ania.

Malipo yake yalikuwaje? Kwa miaka mitano aliendesha idara ya nurolojia ya chuo chake bila kupewa cheo cha mkuu wa idara. Mwaka 1933 mwalimu mwenzake mzungu, aliyekuwa chini yake, alipandishwa kuwa profesa kamili na kukabidhiwa idara hiyo. Fuller akastaafu. Kisukari kilimpofusha, na alifariki mwaka 1953.

Swali la kama ugonjwa wenyewe upo Afrika lilisubiri zaidi. Kwa miongo mingi wataalamu waliandika kwamba dimensia ni nadra kwetu, na ushahidi wao mkubwa ulikuwa kwamba hawakuiona hospitalini, kana kwamba kila mzee anayesahau hupelekwa hospitali. Mwaka 1992 kundi la watafiti wa Nigeria na Marekani, akiwamo Profesa Benjamin Osuntokun, liliamua kwenda nyumbani kwa watu. Walichunguza Wayoruba 2,494 wenye miaka 65 na zaidi katika mtaa wa Idikan, Ibadan, na Wamarekani weusi 2,212 mjini Indianapolis, kwa mbinu moja. Matokeo yalichapishwa mwaka 1995: waliokuwa na dimensia Ibadan walikuwa asilimia 2.29, na Indianapolis, miongoni mwa wanaoishi majumbani, asilimia 4.82. Tofauti hiyo iliibua mjadala wa haki kuhusu chakula, shinikizo la damu, kurithi na hata nani huishi muda mrefu akiwa mgonjwa. Bahati mbaya wapo walioisoma kama cheti cha kutuondoa Waafrika kwenye orodha.

Ndipo tunafika wilaya ya Hai, Kilimanjaro. Mwaka 2009 na 2010 watafiti wa Tanzania na Uingereza waliwachunguza wazee 1,198 wenye miaka 70 na zaidi vijijini. Baada ya kusawazisha tofauti za umri, asilimia 6.4 walikuwa na dimensia. Namba hiyo haifai kuwekwa bega kwa bega na ile ya Ibadan, kwa kuwa umri wa kuanzia si mmoja. Inatosha, hata hivyo, kuizika hadithi ya unadra.

Ugumu mkubwa ulikuwa kwenye kupima. Jaribio lililoenea zaidi duniani, la mwaka 1975, lina alama 30: linamtaka mtu aandike sentensi, anakili michoro miwili ya pembe tano iliyopishana, na atoe saba kutoka mia moja mfululizo. Mzee wa miaka 70 mwaka 2010 alizaliwa mwaka 1940 au kabla, na umri wake wa kwenda shule aliupitia chini ya utawala wa Mwingereza. Hata Kilimanjaro, ambako shule za misheni zilikuwa nyingi kuliko kwingi, wako wengi, hasa wanawake, ambao hawakupata kushika kalamu. Kumpa bibi kama huyo karatasi na kumwambia achore pembe tano ni kumpima serikali ya kikoloni, si ubongo wake.

Kutokana na kazi ya Hai likatengenezwa jaribio fupi liitwalo IDEA. Mzee huulizwa daraja ni kitu gani, leo ni siku gani, nani kiongozi wa kijiji. Hutaja wanyama wengi awezavyo kwa dakika moja. Hukumbuka maneno aliyosomewa. Na mahali pa kalamu hupewa njiti nne za kiberiti azipange kwa kufuata mfano. Halihitaji maabara wala umeme, na mhudumu asiye daktari anaweza kufundishwa kulitumia.

Tanzania ilitoa Sera ya Taifa ya Wazee mwaka 2003, kabla hata ya hesabu ya Hai. Katika nchi hiyohiyo, hasa kanda ya ziwa, akina mama wazee wamekatwa mapanga kwa tuhuma za uchawi, na mzee anayetangatanga usiku, anayezungumza peke yake na kuwatuhumu jirani kwa wizi ambao haukutokea, hana utetezi mbele ya tuhuma hiyo isipokuwa mtu wa kusema kwamba huu ni ugonjwa. Ndugu mtumishi wa umma unayesoma hapa, ukienda kwenye zahanati ya kata yako wiki hii, uliza kama yupo mhudumu anayelijua jaribio la njiti nne, na jibu utakalopewa liandike kwenye taarifa yako ya robo mwaka.