Zamu ya Mdogo

Tarehe 27 Machi 1977, katika uwanja wa Los Rodeos kisiwani Tenerife, ukungu ulitanda hadi ndege mbili za Boeing 747, moja ya KLM, shirika la Uholanzi, na nyingine ya Pan Am, zikawa kwenye njia moja bila kuonana. Rubani wa KLM, Jacob Veldhuyzen van Zanten, alikuwa ameshaanza kuikimbiza yake ili ipae. Fundi aliyeketi nyuma yake alisikia redioni maneno yaliyomtia shaka, akauliza: ile ya Pan Am haijatoka njiani? Rubani akajibu kwa mkazo kwamba imetoka. Fundi hakuongeza neno. Ndege ziligongana, wakafa watu 583.

Waholanzi wanasifika kwa kusema bila kuzunguka. Ndiyo maana siridhiki ninapoambiwa kuwa kunyamaza mbele ya mkubwa ni maradhi yetu Waafrika. Rubani yule alikuwa mkufunzi mkuu wa 747 katika shirika lake, na kumpinga mwalimu mbele ya wenzake ni kazi nzito, iwe Amsterdam au Bagamoyo.

China ya enzi ya Ming iliutaka ujasiri huo waziwazi: afisa mwema alipaswa kumwonya mfalme kwa maandishi. Mwaka 1566 Hai Rui alimwandikia Mfalme Jiajing kwamba ameitelekeza nchi akihangaikia dawa za kumwezesha asife. Inasimuliwa kuwa alinunua jeneza kwanza, akaagana na jamaa zake. Alitiwa gerezani, akaachiwa mfalme alipofariki mwaka uliofuata. Namheshimu mno. Lakini pale ambapo ukweli unadai jeneza, wasemaji watakuwa wachache, na wengi watasoma upepo.

Watanzania tuna utani. Wangoni na Wahehe walipigana vikali karne ya 19. Leo ni watani. Msibani mtani humwiga marehemu, hutaja ubahili wake mbele ya wafiwa, huweza hata kuzuia mazishi mpaka apewe chochote, na hakuna wa kumnunia. Ruhusa yake ilitolewa zamani, na jamii nzima inailinda. Hapo tuliwazidi Ming. Udhaifu ni kwamba mkubwa akishacheka, jambo limekwisha: mhasibu atamtania bosi kuhusu safari zake zisizoisha, watacheka wote, na posho itaendelea kulipwa.

Utaratibu unaonivutia kuliko yote umo katika Mishna, mkusanyo wa sheria za Kiyahudi wa yapata mwaka 200 baada ya Kristo. Katika kesi za mali, waamuzi wakubwa walitangulia kutoa maoni. Katika kesi za kifo, mpangilio uligeuzwa: walianza wa pembeni, wale wadogo, wasije wakafuata kauli ya mkubwa. Mkubwa hakuvunjiwa heshima. Zamu yake tu ilisogezwa. Na hakuhitajika shujaa wala mcheshi.

Usafiri wa anga ulijifunza kwa msiba. Tarehe 28 Desemba 1978 ndege ya shirika la United iliishiwa mafuta ikaanguka karibu na Portland, Marekani, rubani akiwa ameshikwa na tatizo la magurudumu huku wasaidizi wakigusia mafuta bila kukazia. Walikufa watu 10. Mwaka 1981 shirika hilo lilianza kuwafundisha marubani kusikiliza, na wasaidizi kusisitiza.

Sasa tazama kikao cha ofisi zetu. Mwenyekiti anafungua, anaeleza yeye anavyoona, kisha anauliza kama kuna mwenye maoni. Kimya. Basi, tumekubaliana. Ukweli unaanza kusemwa baada ya kikao, kwenye korido na katika kundi la WhatsApp ambalo bosi hayumo: mkandarasi amepunguza saruji, dawa za stoo zinakaribia kuisha muda. Mgonjwa atakayepewa dawa hizo hayumo kwenye kundi lile.

Kikao kinapohusu dawa, daraja au kivuko, naomba mwenyekiti ajizuie. Aanze karani wa stoo, afuate fundi, kila neno liingie kwenye muhtasari, na yeye azungumze wa mwisho.